Inamisi Mwenyewe

Kwa karibu mwaka mzima niliamini kwamba gari la marehemu baba yangu lilikuwa likimlilia. Sisemi nilidhani, wala sisemi nilisikia watu wakisema. Niliamini kabisa, kwa moyo wangu wote na kwa cheti changu cha kidato cha nne, nilichokipata kwa masomo ya jioni nikiwa mtu mzima mwenye ndevu, katika darasa ambalo nusu yetu tulikuwa tunasinzia na nusu nyingine wanakoroma. Kama wangetutungia mtihani wa jambo hilo, ningepata alama zote na za jirani yangu juu yake.

Imani hiyo niliipata pale Rodi Kopany, kituo kidogo cha njiani. Ilikuwa wiki chache baada ya kumzika Baba. Nilikuwa natoka nyumbani kwetu Homa Bay, Jumapili asubuhi, narudi kazini Migori na lile gari lake lenye buti refu, ambalo sasa lilikuwa langu. Kabla sijafika hata kwenye maduka ya Rodi, injini ikaanza kutetemeka. Si kutetemeka kwa kawaida. Kioo cha kutazamia nyuma kiligeuka kikawa kinanitazama mimi, usukani ukawa unanisalimia kwa mikono miwili, na bomba la moshi likawa linatoa sauti ya mtu anayezuia kwikwi mbele ya wakwe. Taa ya injini, ile ya manjano, ilikuwa inapepesa.

Nikasimama kwa fundi wa kwanza niliyemwona, mzee mmoja aliyekuwa amekaa juu ya tairi anakunywa chai. Akaja na kikombe chake mkononi, akafungua boneti, akatega sikio kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto.

"Hii gari inamisi," akasema.

"Inamisi nani?"

Akanitazama vizuri, akidhani namtania. "Inamisi mwenyewe tu. Hakuna kitu imeguswa."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kiswahili sisi watu wa huku tunakiendesha kama baiskeli ya kuazima: tunafika tunakokwenda, ila mnyororo unatoka mara kwa mara. Yule mzee alitaka kusema inamisi yenyewe, kwamba silinda moja inakosa moto bila ya mtu kuichokoza. Mafundi wote husema hivyo. Lakini sisi wengine, kumisi ni kumkumbuka mtu mpaka kifua kinauma. Na mwenyewe, kwangu mimi, alikuwa mwenye gari. Mwenye gari alikuwa mbele ya nyumba yetu, chini ya udongo ambao bado haukuwa umeota hata jani moja la nyasi.

Macho yakanijaa maji pale pale barabarani. Mzee wa watu akarudi nyuma hatua, akaweka kikombe chini.

"Pole," akasema. "Ni plagi tu, pengine."

Sikumsikia. Ningewezaje kuliendesha gari linalolia mpaka Migori? Nikaligeuza taratibu, nikarudi nalo Homa Bay likikohoa njia nzima. Mama alikuwa uani anaanika omena, dagaa wetu wa ziwani. Aliposikia mlio wa gari akanyoosha mgongo, akaweka mkono juu ya macho kuzuia jua, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu mazishi.

"Umesahau nini, baba?" akaniuliza. Mama ananiita baba, kama akina mama wote wa kwetu wanavyowaita watoto wao wa kiume.

"Sijasahau kitu. Gari limekataa kumwacha Baba."

Nikamweleza yote. Alinisikiliza bila kukatiza, akalitazama gari, akatazama kaburi, kisha akaingia jikoni kuniongezea unga kwenye sufuria. Nikalala. Kesho yake alfajiri gari likawaka kama limezaliwa upya, na nikafika Migori nikiimba.

Basi ndivyo ilivyoendelea. Sisi ni Wasabato, kwa hiyo nilikuwa nafika Ijumaa kabla jua halijazama, Jumamosi tunakwenda kanisani pamoja, Jumapili asubuhi narudi. Siyo kila Jumapili, lakini Jumapili nyingi za kutosha, nikiwasha gari ili niondoke, lilikuwa linatetemeka mpaka kuku wanahama kambi. Nikilizima, nikiinua boneti na kuliacha lipigwe na jua, jioni lilikuwa limetulia kidogo, na Jumatatu alfajiri lilikuwa zima. Migori, katikati ya wiki, halikumisi hata mara moja. Lilikuwa linanguruma polepole kama paka aliyeshiba samaki wa mbuta.

Niambie wewe. Gari lenye afya kila mahali, ila likiwa nyumbani kwa marehemu, na saa ile ile ya kuondoka, linashikwa na kwikwi. Mtu asiyeamini hapo ataamini wapi?

Bosi wangu pale dukani, mzee Mwislamu aliyekuja Migori kutoka pwani akiwa kijana na sasa anauza misumari, mabati na rangi kwa nusu ya mji, nilimweleza nilipochelewa kazi Jumatatu ya kwanza. Alikuwa anapima waya. Akapima mpaka mwisho, akakata, ndipo akaniambia, "Muombee baba yako rehema. Halafu ubadilishe plagi."

Nilifanya yote mawili. La pili nilimpelekea fundi wangu, mwanamke wa rika langu mwenye gereji upande wa pili wa daraja la mto Migori. Huyu alikuwa ananiita Profesa tangu aliposikia nasoma jioni, na sikumkataza. Siku nilipofaulu alinipigia honi za magari yote yaliyokuwa gereji, hata lile lisilokuwa na injini.

"Profesa, nipe dalili," akasema.

"Linalia."

"Linalia aje? Kila wakati au likiwa baridi? Ukisimama au ukikanyaga mafuta? Taa inawaka tu au inapepesa?"

"Inapepesa."

"Ikipepesa unazima, husongi mbele. Hiyo ni mafuta yasiyoungua yanateremka kwenye bomba, yatakuchomea vitu huko nyuma." Akaweka kiganja chake mbele ya bomba la moshi, akafumba macho. Moshi ulikuwa unatoka sawa, puu puu puu, kama mtu anayepuliza uji. "Sasa hivi iko sawa. Skiza."

Akawasha, kisha akawa anachomoa koili moja moja, zile zinazokaa juu ya plagi na kuzipelekea umeme. Akichomoa ya kwanza injini inayumba, anairudisha, inatulia. Ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu, ya nne. Akanieleza kwamba ukichomoa koili na injini isijali, basi silinda hiyo ilikuwa imeshakufa kitambo, na ndiyo mgonjwa wako. Nikaridhika sana, kwa sababu mwalimu wetu wa fizikia wa jioni alikuwa ametufundisha kwamba kila silinda inavuta, inabana, inalipua, inatema, na mimi niliyakariri hayo mpaka nikawa nayaota. Sasa nilikuwa nayaona kwa macho.

"Hapa hakuna mgonjwa," fundi akasema. "Zote nne zinakula na zinafanya kazi."

Akachomeka mashine yake ya kusomea makosa ya injini. Mashine ikakiri kwamba silinda mbili ziliwahi kukosa moto siku zilizopita, lakini kwa sasa haina malalamiko. Akafungua plagi. Zilikuwa na rangi nzuri ya kahawia mdomoni, si nyeusi ya masizi wala nyeupe ya kuungua, ila mbili kati yake zilikuwa na pete ya kutu kiunoni. Akaziweka kwenye kiganja, akanionyesha.

"Kutu hii imetoka wapi?"

"Homa Bay kuna ziwa."

"Ziwa haliingii kwa boneti, Profesa."

"Hujaona ukungu wetu. Ukungu wa Homa Bay unaweza kutupa nyavu ukavua."

Akacheka mpaka akashika bampa. Lakini akabadilisha plagi, na mipira ya koili akaibadilisha pia, maana alisema mpira ukizeeka unapasuka, na unyevu ukiingia umeme unatorokea pembeni badala ya kuruka kwenye ncha ya plagi. Nikaenda nyumbani wikendi hiyo nikiwa na plagi mpya na matumaini mapya. Jumapili asubuhi gari likatetemeka mpaka kofia yangu ikashuka puani.

Nikarudi kwake. Safari hii akatafuta hewa inayoingia kwa wizi. Akanyunyiza dawa kidogo kidogo kwenye mipira ya hewa injini ikiwa inaunguruma, na kweli mahali pamoja mlio ukabadilika. Kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Mpira ukabadilishwa. Jumapili, kwikwi. Safari nyingine akashuku petroli ina maji, akamwaga, akasafisha, akaweka chujio jipya. Jumapili, kwikwi na mafua juu yake.

"Gari yako inaugua wikendi peke yake," akaniambia. "Iko kinyume na mimi. Mimi naugua Jumatatu."

Ndipo nikamwambia. Nilikuwa nimejizuia, kwa sababu fundi hapendi kuambiwa kazi yake ni ya wachawi. Nikamweleza habari ya Rodi Kopany, na kaburi, na jinsi Baba, ambaye alikuwa dereva maisha yake yote, alivyokuwa akilisemesha gari lile kila asubuhi kabla hajaliwasha. Alikuwa anapangusa kioo kwa kiganja na kusema, "Umelala vizuri?" Kisha anangoja, jamani. Anangoja kama atajibiwa.

Nilitegemea atanicheka. Akaweka spana chini.

"Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi. Hata mvua ikinyesha."

Akafuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Basi hiyo," akasema, "mimi sijui kuitengeneza."

Ningekuwa mwongo nikisema zile Jumapili za kukwama zilinikera. Nitasema ukweli: zilikuwa siku nzuri kuliko zote za mwaka ule. Gari limeinua boneti uani kama kiboko anayepiga miayo, mimi nimevua shati, Mama amekaa kwenye mkeka anachambua omena. Nilitengeneza banda la kuku ambalo Baba aliliacha nusu. Nilifunga bomba la mvua. Niliziba tundu la paa ambalo, kwa maelezo ya Mama, kondoo angeweza kupita. Huku mikono ikifanya kazi, Mama alikuwa anasimulia. Alisimulia jinsi Baba alivyokuja kumposa akiwa na lori la watu wengine lililojaa mchanga, na jinsi lori lilivyotitia kwenye matope ya nyumbani kwa kina Mama, ikabidi kijiji kizima kimsukume bwana harusi mtarajiwa. Alisimulia miaka yake ya kuchuuza omena, kupanda boti kwenda visiwa vya Takawiri na Remba, kulala kwenye vibanda vilivyobanana mpaka ukigeuka upande unamgeuza jirani. Mambo hayo sikuwahi kuyasikia. Baba alipokuwa hai, yeye ndiye alikuwa msemaji, na Mama alikuwa anasahihisha majina tu.

Na chakula! Niliona ajabu kidogo kwamba kila gari lilipokataa, tayari kulikuwa na nyoyo imelowekwa tangu Jumamosi usiku, yaani mahindi na maharagwe ya kuchemsha, ya kutosha kikosi cha askari. Nilimwambia kwamba ana roho ya unabii. Akasema, "Kula."

Sasa, mdogo wangu wa kike alikuwa ameolewa Migori, na mwaka huo alikuwa mjamzito. Ilikuwa mimba ya pili. Ya kwanza haikufika mwisho. Ilimtoka wakati wa mvua, barabara mbaya, Baba yuko kitandani, na Mama alipata habari kwa simu akiwa ameshika kikombe cha dawa. Hakuweza kwenda. Dada yangu alilia na mama mkwe wake, ambaye ni mtu mzuri, lakini si mama yake. Jambo hilo Mama hakulisema, ila kila tulipotaja mimba hii mpya alikuwa anasema maneno yale yale: "Safari hii sitasikia kwa simu." Na dada yangu kila nilipopita kumwona Migori, akiwa amekaa na miguu iliyovimba ndani ya beseni, alikuwa ananiambia, "Usiniletee kitu. Niletee Mama."

Tulipanga hivi: Jumapili ya kabla ya siku zake, nitamchukua Mama na mizigo yake, akakae Migori mpaka mtoto ajue kucheka. Lakini watoto hawasomi mipango. Nilikuwa Homa Bay wikendi moja kabla ya ile tuliyopanga. Jumapili asubuhi nimekaa kwenye kiti, uji uko mkononi, simu ikalia. Ni shemeji yangu.

"Tuko hospitali," akasema. Alikuwa anahema kama yeye ndiye anayezaa. "Chupa ya uzazi imepasuka. Anamwita Mama. Hataki mtu mwingine, ndugu yangu, hata mimi amenifukuza."

Mama alikuwa ameshasimama. Sijui alisikiaje, simu ilikuwa sikioni kwangu. Kuna kitu kilipita usoni mwake, si furaha wala si hofu tu, kitu kama cha mtu aliyeacha chungu motoni. Akalitazama gari. Kisha akakimbilia ndani kuvaa.

Mimi nikarukia usukani. Nikawasha.

Ndugu msomaji, lilitetemeka. Jumapili zote zilizopita zilikuwa mazoezi. Milango iligonga, boneti ilipiga makofi, taa ikapepesa kama ina vumbi jichoni, nyuma likapiga mshindo mmoja ambao naamini ulisikika Muhuru Bay. Nikakanyaga mafuta, likazidi kusongwa. Nikakumbuka fundi alivyosema, ikipepesa unazima. Nikazima. Nikakaa.

Nilijua la kufanya. Nikashuka, nikaenda mpaka kwenye kaburi, nikavua viatu.

"Baba," nikasema. "Tunajua unapendwa. Hata gari linajua. Lakini binti yako yuko hospitali, na anamtaka Mama, na wewe unajua yaliyotokea mara ya kwanza. Tupe ruhusa leo tu. Nikirudi nitaliegesha hapa hapa ubavuni kwako, na kama hulitaki liondoke tena, nitapanda matatu maisha yangu yote. Liambie litulie, Baba."

"Wewe! Unafanya nini hapo?"

Mama alikuwa mlangoni. Amevaa gauni lake la kanisani, kilemba hakijakaa sawa, mfuko begani.

"Naomba ruhusa."

"Ruhusa ya nini?"

"Ya kuondoka. Gari limekataa, Mama. Linammisi sana leo. Labda na wewe uje uombe, atakusikia upesi."

Akafunga macho. Alisimama hivyo, midomo imebanwa, na mimi nikadhani ameanza kuomba. Kisha akayafungua, akaweka mfuko chini.

"Vaa viatu," akasema. "Lete pampu ya baiskeli ya baba yako. Na kitambaa kikavu, si hicho, kikavu kabisa. Na ile spana ndogo."

"Mama, fundi wa Migori mwenyewe ameshindwa—"

"Baba, nimesema lete."

Sauti ile nilikuwa sijaisikia tangu niko darasa la pili. Nikaleta. Nikamkuta amejifunga leso juu ya gauni la kanisani, boneti iko juu, na kile kifuniko cha plastiki cha juu ya injini ameshakiweka kwenye nyasi.

"Fungua hizo."

Nikafungua koili. Nilipovuta ya pili, ikatoka na sauti ya mdomo unaobusu, na kwenye ncha yake kulikuwa na tone la maji. Nikachungulia shimoni inakokaa plagi. Kulikuwa na maji humo, yametulia, yanameta, kama kisima cha panya. Shimo la tatu vile vile.

"Ukungu!" nikasema. "Si nilimwambia fundi?"

Mama alikuwa anasokota pembe ya kitambaa ikawa nyembamba kama utambi, akaiteremsha shimoni, akaizungusha, akaivuta imelowa. Akasokota pembe nyingine. Kisha akaniambia nielekeze mdomo wa pampu humo na nipige, nikapiga, na vumbi la maji likamrukia usoni, na hakupepesa hata jicho. Akafuta mipira ya koili nje na ndani, akainusa, akaipuliza, akaifuta tena. Mikono yake ilikuwa inajua. Haikuuliza ni wapi panapofuata.

"Haya rudisha kama ulivyotoa. Usichanganye nyaya."

Nikarudisha. Nikawasha. Likakohoa mara moja, likatema moshi mweupe kidogo, likayumba, likasita. Kisha likatulia. Likanguruma ile ngurumo yake ya Migori, sawa sawa, zote nne.

Nikaruka nje kumkumbatia. Alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, mfuko mapajani.

"Usifurahi," akasema. "Endesha."

Tulipopita Rodi nikamwuliza, "Umejuaje ni maji?"

"Injini ya boti. Wimbi likiirukia inafanya hivyo hivyo. Kwenda Remba tulikuwa tunakaushia plagi kwa leso zetu, katikati ya ziwa, nahodha anatukana na sisi tunaomba. Pita huyo."

Nikampita huyo. Nikampita na mwingine. Rongo mpaka Awendo tulikuta matrekta ya miwa yamejaza barabara, na Mama, ambaye kwa kawaida nikipita trekta hushika mlango na kutaja jina la Nyasaye, Mungu wetu, siku hiyo alikuwa ananisomea kioo cha pembeni na kusema, "Sasa. Pita sasa." Sijawahi kuendesha vizuri namna ile. Nadhani hata mashimo yalikuwa yanajisogeza.

Hospitalini shemeji yangu alikuwa amekaa nje, amevaa viatu vya jozi mbili tofauti. Alimwonyesha Mama mlango tu. Mlango ulipofunguliwa nikasikia sauti ya dada yangu, kubwa, ya hasira, ikiita, na ikakatika katikati ya neno. Kisha nikaisikia tena, ndogo, ya mtoto: "Mama, umekuja." Na Mama akajibu kwa Dholuo, lugha yetu ya nyumbani, kitu ambacho sikukisikia vizuri na sikustahili kukisikia.

Mlango ukafungwa. Sisi wanaume wawili tukakaa kwenye benchi, tusio na faida kwa mtu yeyote. Nilimweleza shemeji habari za silinda, inavuta, inabana, inalipua, inatema, mpaka akaniomba ninyamaze, hasa hapo kwenye kubana.

Jua lilikuwa limeanza kulegea Mama alipotoka. Kilemba kilikuwa kimelala upande mmoja kabisa. Alikuwa anacheka na machozi yanamshuka, bila ya kuyafuta.

"Msichana," akasema. "Ana mdomo wa mjomba wake. Analia kama honi." Huyo mjomba ni mimi. "Ingia, wewe," akamwambia shemeji, na shemeji akaingia na viatu vyake vya jozi mbili.

Mama akakaa karibu nami. Leso ilikuwa bado kiunoni, na doa la grisi limekaa kifuani kwenye gauni la kanisani. Nilikuwa nimejaa kiasi kwamba ningeweza kumkumbatia hata mlinzi wa geti. Nikatoa simu nimpigie fundi wangu.

"Unampigia nani?"

"Fundi. Nimwambie Baba alikubali. Aliachilia gari alipojua ni mjukuu. Hii ni ya kusimuliwa kanisani, Mama."

Akanichukua simu mkononi, taratibu, akaiweka juu ya benchi. Alitazama mbele, kwenye ua ambako gari lilikuwa limeegeshwa.

"Baba, gari haimisi mtu," akasema. "Ile mara ya kwanza nilikuwa naiosha tu, nikamwaga maji mpaka ndani, vile baba yako alikuwa ananikataza. Ukarudi ukalala. Hizo zingine nilikuwa namwaga kikombe kimoja makusudi, alfajiri kabla hujaamka, ili ulale siku moja tena. Na ya leo pia nilikuwa nimeshamwaga. Ni maji tu."